Mlango wa Moyo Unaolegea
(Mazungumzo kwa wahudumu wa afya wa vijiji)

Leo tunazungumza juu ya jambo linalowachanganya watu wengi. Mama anapimwa, anaambiwa moyo wake una mlio. Baadaye anapimwa kwingine, anaambiwa hakuna kitu. Anaona amedanganywa, anaacha hospitali kabisa. Kumbe yawezekana wote wawili walisikia sawasawa.

Upande wa kushoto moyo una vyumba viwili, cha juu na cha chini. Katikati kuna mlango wa vipande viwili vyembamba, uitwao vali ya mitrali, ulioshikwa na nyuzi zilizofungwa katika chumba cha chini. Chumba hicho kikisukuma damu, mlango hujifunga. Lakini watu kama 2 au 3 katika kila 100 wana vipande vilivyolegea, ambavyo hufura kuelekea chumba cha juu. Hapo ndipo mlio unapotoka. Daktari John Barlow na wenzake wa Johannesburg walilieleza jambo hili katika miaka ya 1960.

Sasa fikirini turubai lililofungwa kwenye nguzo. Sogezeni nguzo karibu: turubai ni lile lile, lakini linabonyea. Ndivyo ilivyo moyoni. Mtu akisimama, damu nyingi hubaki miguuni, chumba cha chini kinakuwa kidogo, nyuzi zinalegea na vipande vinafura mapema zaidi. Akichuchumaa, damu inarudi, chumba kinapanuka, mlio unachelewa. Kuhara, kutapika au kushinda juani bila kunywa maji pia hupunguza damu inayojaza chumba.

Kwa hiyo mlio ukibadilika, tusiseme ati mtu amepona au amezidiwa. Tumwambie aeleze alipimwa akiwa amelala au amesimama. Picha ya moyo ndiyo itakayoonyesha hali ya vali, maana hata homa ya baridi yabisi huiharibu vali hii hii.

Wengi wenye hali hii huishi vizuri. Tuwahimize kunywa maji ya kutosha, isipokuwa daktari amewawekea kipimo. Lakini anayezimia, anayekosa pumzi au anayevimba miguu, tusimpe maji tu na kumwambia apumzike. Tumpeleke hospitali siku hiyo hiyo.