Mshipa wa Moyo Ukibana: Dawa, Puto au Kisu?



Wazee wetu, akina mama, na nyinyi vijana wenzangu. Hapa kwetu Nakuru, kuanzia Bondeni mpaka Njoro, mtu akiambiwa mshipa wa moyo umebana, familia huanza kuitisha harambee ya kumpeleka India, hata shamba likauzwa. Hebu tutulie kwanza, tuelewe.

Mishipa hii hubana polepole. Mafuta hujikusanya ndani ya kuta zake. Sigara, presha na sukari huzidisha. Tiba ziko tatu. Kwanza, dawa za kila siku: za kupunguza lehemu, za presha, na aspirini ya kuzuia damu kuganda. Pili, puto: daktari hupitisha mrija mwembamba mkononi au pajani hadi moyoni, akaupanua mshipa na kuacha humo stenti, yaani kijibomba cha waya. Tiba ya puto la moyo ilianza Zurich mwaka 1977. Tatu, upasuaji: hutumika mshipa wa mguuni au kifuani kupitishia damu kando ya palipobana.

Ipi bora? Inategemea mgonjwa. Kifua kikikaza ghafla, maumivu yakashuka mkononi na jasho likakutoka, usingoje Maghrib. Kimbia hospitali! Huenda ni mshtuko wa moyo, na hapo puto la haraka huokoa maisha. Lakini kwa wale ambao hali yao imetulia, utafiti wa ISCHEMIA, uliochapishwa mwaka 2020 na kuhusisha watu 5,179, ulionyesha kuwa kuongeza stenti au upasuaji mapema hakukupunguza vifo kuliko kuanza na dawa. Kulipunguza maumivu. Waliobana mshipa mkuu wa kushoto hawakuwemo; wengi wao huhitaji upasuaji au stenti. Basi kabla ya kuuza shamba, muulize daktari: "Je, dawa zitatosha kwanza?"

Na sasa ni Ramadhan. Ndugu zangu, tusiache dawa kwa sababu ya funga. Aliyewekewa stenti akiacha dawa za kuzuia damu kuganda, yaweza kuziba ghafla. Dawa nyingi zaweza kupangwa wakati wa futari na daku, daktari akikubali. Akikwambia usifunge, pokea ruhusa hiyo; Mwenyezi Mungu mwenyewe amempa mgonjwa.

Vijana, leo baada ya Tarawehe, muulize mzee wako: "Baba, umemeza dawa?"

Wabillahi tawfiq.