Njoo na Kazi Yako: Kutafuta Msaada wa Hisabati Kabla ya KCSE

Haya ni maandishi ya hotuba iliyotolewa na mwalimu mstaafu wa Hisabati kwa wazazi na watahiniwa wa Kidato cha Nne, katika ukumbi wa maktaba ya kaunti, mwanzoni mwa likizo ya Agosti.

Wazazi, walezi, wasimamizi wa maktaba, na nyinyi watahiniwa mlioketi huko nyuma kabisa, hamjambo? Sogeeni mbele, viti vipo. Hisabati haisikiki vizuri kutoka mlangoni.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kupata msaada wa maswali magumu ya Hisabati kabla ya mtihani. Nitaanza na mtihani wenyewe, kwa sababu wazazi wengi hulipia msaada bila kujua mtoto anasaidiwa kufanya nini.

Hisabati ya KCSE, ile inayofanywa na wanafunzi wengi, ina karatasi mbili. Kila karatasi ni ya saa mbili na nusu na ina alama 100. Sehemu ya kwanza ina maswali 16 ya lazima, jumla alama 50. Sehemu ya pili ina maswali 8 ya alama 10 kila moja, na mtahiniwa huchagua 5. Karatasi ya pili ndiyo inayoegemea mada za Kidato cha Tatu na cha Nne: matrisi, vekta, trigonometria, latitudo na longitudo, kalkulasi. Hapo ndipo vilio vingi hutokea.

Sasa pigeni hesabu ya muda. Dakika 150 kwa alama 100 ni dakika moja na nusu kwa kila alama. Swali la alama 3 lina dakika nne na nusu. Swali la alama 10 lina robo saa. Kijana anayekwama dakika 40 kwenye swali moja ameyanyima chakula maswali mengine mawili.

Tena Hisabati haikwepeki. Tangu matokeo ya mwaka 2023, gredi ya wastani huhesabiwa kwa Hisabati, lugha moja, na masomo mengine matano aliyofanya vizuri zaidi. Ukiwa umefanya vibaya katika masomo mengine unaweza kuyaacha nje ya hesabu. Hisabati humo ndani itabaki. Na msichana anayetaka uhandisi ataulizwa gredi ya Hisabati yenyewe, si wastani wake tu.

Lakini kuna habari njema, na imeandikwa kwenye ukurasa wa kwanza wa karatasi ya mtihani, pale ambapo watahiniwa husoma jina na kupita. Maagizo yanasema mtahiniwa aonyeshe hatua zote, na kwamba alama zinaweza kutolewa kwa njia iliyo sahihi hata kama jibu la mwisho si sahihi. Msahihishaji ana mwongozo wenye alama za njia na alama za jibu. Ukiacha nafasi tupu, hana pa kuweka alama hata kama anakuhurumia.

Nitawapa swali. Mkulima ana waya wa mita 40 wa kuzungushia boma la mbuzi lenye umbo la mstatili. Upande mmja tayari una ukuta, kwa hivyo waya utatosha kwa pande tatu tu. Avipime vipi vipande vyake ili apate eneo kubwa kuliko yote?

Upana tuuite x. Pana mbili zinachukua 2x, urefu unabaki 40 − 2x. Eneo ni x mara hiyo, yaani 40x − 2x². Mwanafunzi aliyefika hapa na kalamu ikamkwamia tayari ameanza kuvuna alama. Hatua inayofuata ni kutafuta mteremko, ambao ni 40 − 4x, na kuulinganisha na sifuri. x inakuwa 10, urefu 20, eneo mita 200 za mraba.

Sasa sikilizeni namna vijana wawili wanavyoomba msaada juu ya swali hili hili. Wa kwanza anakuja anasema, "Mwalimu, mimi sielewi kalkulasi." Wa pili anakuja na daftari anasema, "Mwalimu, nimepata 40x − 2x², na mteremko nimeupata, lakini sijui kwa nini tunauweka sawa na sifuri." Wa kwanza anahitaji muhula mzima, na muhula umekwisha. Wa pili anahitaji dakika tatu. Ninamwambia: ukipanda kilima, ardhi inainuka mbele yako, ukianza kushuka, inateremka. Kileleni hasa, kwa unyayo mmoja tu, haipandi wala haishuki. Hiyo ndiyo sifuri yako. Kisha namwambia ajaribu mwenyewe: x ikiwa 9, eneo ni 198, ikiwa 11, ni 198 tena, ikiwa 10, ni 200. Anaondoka akijua, na hatanirudia kwa jambo hilo.

Kwa hivyo kanuni yangu kwa kila anayekuja kwangu ni moja: njoo na kazi yako. Hata kama ni mistari miwili iliyofutwafutwa. Chora mstari pale ulipokwama, andika swali lako chini yake. Mara nyingi, na nimeliona hili kwa miaka mingi, kijana akilazimika kuandika ni wapi hasa amekwama, nusu ya mafundo hujifungua kabla hajanifikia.

Kuna fundo jingine ambalo si la hesabu, ni la lugha. Mtihani umeandikwa kwa Kiingereza. Watoto wetu wengi huwaza kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani, kisha tunashangaa wakianguka kwenye swali lenye maneno mengi. Mzazi ambaye hakusoma Hisabati anaweza kusaidia hapa. Mwambie mwanao: nieleze hilo swali linataka nini, kwa lugha yetu, bila kutaja namba. Akishindwa kukueleza, hajalielewa, na kikokotoo hakitamwokoa. Akikueleza vizuri, mwache akafanye.

Mada ya latitudo na longitudo, kwa mfano, inatisha kwa maneno yake tu. Nanyuki iko kwenye Ikweta, takriban longitudo 37 Mashariki. Chukua mahali pengine kwenye Ikweta hiyo hiyo, huko Gabon, longitudo 10 Mashariki. Tofauti ni nyuzi 27. Kwenye Ikweta kila nyuzi ni maili 60 za baharini, basi umbali ni maili 1,620. Dunia huchukua dakika 4 kuzunguka nyuzi moja, basi tofauti ya saa kwa jua ni dakika 108, yaani saa moja na dakika 48. Mpaka hapo kila mtu anatabasamu.

Kisha swali linahamia latitudo 60 Kaskazini, tofauti ni ile ile nyuzi 27, na darasa zima linaandika 1,620 tena. Hapo chukueni chungwa na kisu. Likate katikati, uone duara lake. Likate jingine karibu na kikonyo, uone duara lilivyo dogo. Watu wawili wanaotofautiana kwa nyuzi 27 karibu na kikonyo wako karibu zaidi kuliko wale wa katikati. Ndiyo sababu tunazidisha kwa kosini ya latitudo. Kosini ya 60 ni nusu, basi umbali ni maili 810. Chungwa halina gharama kubwa, na baada ya somo linaliwa.

Mtamwendea nani? Kwanza mwalimu wake wa darasani, ambaye anajua amefundisha nini na amemwonaje. Wanafunzi humwogopa mwalimu wao wakamfuata mgeni. Wamwendee kabla shule haijafungwa, au siku ya kwanza ya muhula wa tatu. Pili, wenzake. Kikundi cha watatu au wanne kinatosha; wakifika tisa, wawili wanafanya kazi na saba wananakili. Yule anayeelewa matrisi awaeleze wengine, naye atagundua kama anaelewa kweli. Tatu, kaka au dada aliyemaliza shule, hasa walio chuoni na wamerudi likizo. Kijiji gani hakina mmoja? Mwombeni saa mbili kwa wiki.

Simu nayo ni msaidizi, ila msaidizi mwenye kiherehere. Siku hizi kijana anapiga picha swali na jibu zima linashuka, hatua zote zikiwa zimepangwa. Akisoma anaona kila kitu ni wazi, kama mtu anayetazama mpira na kudhani angefunga. Afanye swali kwanza kwa kalamu, kisha alinganishe. Na asiamini kila kinachoshuka, kwa sababu programu hizo nazo hukosea, tena kwa kujiamini sana.

Kuhusu wanaouza karatasi za mtihani kwenye makundi ya simu, nitasema kwa kifupi. Wengi wao ni matapeli wanaobadilisha tarehe kwenye karatasi za zamani. Na kama ni ya kweli, mtoto anahatarisha matokeo yake kufutwa, naye aliyelipa pamoja na aliyeuza wanajiweka mikononi mwa sheria. Mzazi, usitoe pesa hiyo.

Karatasi za miaka iliyopita za halali zipo. Nyingine ziko hapa maktabani. Baraza la Mitihani, KNEC, hutoa pia ripoti inayoeleza maswali yaliyowashinda watahiniwa na makosa waliyoyafanya. Mwombeni mwalimu awasomee sehemu ya Hisabati. Fanyeni karatasi moja nzima kwa saa mbili na nusu, simu ikiwa imezimwa, kitabu cha majedwali na kikokotoo mezani kama siku yenyewe. Ukimaliza, usikimbilie alama. Tafuta maswali matatu yaliyokushinda, na hayo ndiyo uyapeleke kwa msaidizi.

Wazazi wameniuliza kuhusu masomo ya ziada ya likizo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 37, inakataza wanafunzi kuwekwa kwenye masomo ya likizo, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 100,000 au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Mtoto anayekaa maktabani kwa hiari yake na kumuuliza dada yake swali si jambo moja na darasa la kulazimishwa na la kulipia.

Wengine wanataka kaunti ilete walimu wa Hisabati. Katiba imezipa kaunti elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Shule za sekondari ziko chini ya serikali ya kitaifa, na walimu wake huajiriwa na TSC. Ila maktaba ni za kaunti. Meza hizi, taa hizi na kimya hiki ni vyenu, na mtoto ambaye nyumbani wanalala sita chumba kimoja anavihitaji kuliko anavyohitaji mwalimu mpya. Mkiona mlango umefungwa wakati ulipaswa kuwa wazi, ulizeni ofisi ya wadi.

Jambo la mwisho ni la vitabu. KCSE ya mwisho ya mfumo wa 8-4-4 ni ya mwaka 2027. Wenye vitabu vya Hisabati vya Kidato cha Tatu na cha Nne ambavyo havitumiki tena nyumbani, msivifungie maandazi. Vileteni hapa, wapo watakaovihitaji mwaka huu na mwaka wa mwisho.

Naona tayari kuna mikono miwili juu. Wenye daftari njooni meza hii ya dirishani, na yule wa matrisi aanze. Umefika mstari wa ngapi?