Kiti cha Uongozi kwa Anayeishi na Virusi vya UKIMWI



Bonde la Kilombero linaufahamu unyanyapaa tangu zamani. Karibu na Ifakara, mahali paitwapo Nazareti, palikuwa na makazi ya wagonjwa wa ukoma, watu waliotengwa na jamaa zao kwa hofu ya maradhi ambayo leo hutibika kabisa. Dawa iliushinda ukoma mwilini kabla elimu haijaushinda katika fikra za watu. Hapana budi somo hilo likumbukwe yanapozungumzwa mambo ya UKIMWI.

Katika Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, kliniki ya wanaoishi na virusi ilianzishwa mwaka 2004, mwaka ule ule serikali ilipoanza kutoa dawa za kufubaza virusi bila malipo. Leo mwenye kuzitumia ipasavyo huishi, hulima na hulea watoto. Na virusi vyake vikipungua hata visionekane katika kipimo, hamwambukizi mwenziwe kwa kujamiiana. Lakini dawa haimsaidii anayeiogopa njia ya kuifuata. Mkulima wa Michenga ahamiapo dunguni msimu wa mpunga huweza kuviacha vidonge kwa kuogopa wenzake watauliza ni vya nini. Mwalimu naye huweza kusafiri hadi mji wa mbali kuchukua dawa, ili mzazi wa mwanafunzi wake asimwone dirishani.

Mganga anaijua dawa. Njia itokayo dunguni hadi kliniki, pamoja na vikwazo vyake vyote, anaijua zaidi aipitaye. Hiyo ndiyo sababu ya kudai kwamba wanaoishi na virusi washike uongozi katika mapambano haya.

Dai hilo lina historia. Mwaka 1983, huko Denver, Marekani, wagonjwa wa UKIMWI walikataa kuitwa wahanga, wakataka kushiriki katika maamuzi. Mwaka 1987 Noerine Kaleeba na wenzake walianzisha TASO nchini Uganda. Hapa Tanzania, SHIDEPHA+ iliundwa mwaka 1994 na watu wanaoishi na virusi wenyewe. Baadaye likaundwa Baraza la Taifa, NACOPHA, ambalo mabaraza yake ya wilaya huitwa Konga. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 ikapiga marufuku unyanyapaa na ubaguzi, na ikalinda siri ya majibu ya kipimo. Aidha, katika kamati za UKIMWI za halmashauri zimetengwa nafasi za wawakilishi wao.

Hata hivyo, kiti peke yake hakimfanyi mtu kuwa kiongozi. Kumwalika mtu asimulie jinsi alivyoambukizwa, kisha kumshukuru na kumtoa nje kabla bajeti haijajadiliwa, ni kumfanya kielelezo cha maonyesho. Kiongozi hupewa makabarasha ya kikao mapema, hulipwa nauli kama wajumbe wengine, huuliza fedha zimetumikaje, na jibu lake huandikwa katika kumbukumbu. Tena uongozi usigeuzwe kuwa kisingizio cha kumlazimisha mtu ajitangaze. Atakayesema hadharani aseme kwa hiari; asiyetaka, anaweza kuwa mweka hazina au katibu wa kikundi, na siri yake ikabaki yake.

Ndugu walimu, mnao ujuzi unaohitajika: kuandika kumbukumbu, kutunza daftari la fedha, kuendesha mkutano. Ufundisheni katika vikundi hivyo. Darasani nako, mwanafunzi anayeishi na virusi asizuiwe kuwa kiranja, kwani anayezoea kuongoza utotoni hatajificha ukubwani. Ndugu watumishi, faili la mtu si habari ya kijiweni. Mtumishi atoaye siri ya mwenzake huvunja sheria, na tena huwafukuza kliniki watu kadhaa asiowajua, kwa kuwa habari ya siri kuvuja husambaa upesi kuliko tangazo lolote la afya.

Wagonjwa wa ukoma walihurumiwa miaka mingi, wala huruma hiyo haikuwarudisha barazani pa jamaa zao. Wanaoishi na virusi vya UKIMWI wasingojeshwe hivyo. Kikao kijacho cha kamati ya kata, wawakilishi wao na wawepo tangu ajenda ya kwanza hadi ya mwisho.