Wazee Wamesikiliza Vya Kutosha

Ukitoka Muhimbili kwa miguu ukakatiza Upanga, hukawii kufika ukumbi wa Diamond Jubilee. Hapo ndipo Mei 2010 Rais Jakaya Kikwete alipozungumza na wazee wa Dar es Salaam juu ya mgomo uliotangazwa na TUCTA. Machi 2012 akazungumza nao tena, safari hiyo juu ya mgomo wa madaktari. Ni desturi ya heshima, siibezi hata kidogo. Ila wazee hao walioelezwa habari za madaktari, nani aliwauliza habari za dirisha la dawa?

Sera ya Taifa ya Wazee tunayo tangu 2003. Mzee ni mwenye miaka 60 na zaidi, na asiyejiweza atibiwe bure. Katika hospitali moja ya mjini nilikuta kibao ukutani: mzee ahudumiwe kwanza. Chini yake bibi kasimama na mkongojo, vijana wanne mbele yake. Hakuna aliyeinua macho.

Wenzetu Zanzibar, Aprili 2016, walianza kumlipa kila mwenye miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi, awe alikuwa karani au mvuvi. Kidogo, ndiyo. Lakini mbeba mizigo wa Kariakoo, aliyempelekea michango ya pensheni ni nani?

Mabaraza ya wazee yapo. Basi mganga mkuu wa manispaa aalikwe humo, akae, wazee waseme, yeye aandike.