Hotuba juu ya Saratani ya Kibofu na Matibabu Yake

(Ilisomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama, Timau)



Kamati ilitutaka sisi wa ofisi ya chama tuzungumze juu ya ugonjwa ambao wengi huona haya kuutaja. Twaomba radhi kwanza kwa wazee, kwa maana hatuna budi kutaja habari za mkojo mbele ya wakubwa na wadogo pamoja. Lakini haya hiyo ndiyo iliyotutia hasara, na ndiyo sababu ya maneno haya.

Tulipokuwa tukifunga hesabu za mwaka, tuliona kwamba fedha tulizotoa kwa mazishi zimezidi sana zile tulizotoa kwa matibabu. Miongoni mwa tuliowazika alikuwamo mwenzetu mmoja ambaye jina lake hatulitaji. Siku moja, akiwa shambani, aliona damu katika mkojo wake. Hakusikia maumivu yo yote. Baada ya siku mbili mkojo ukawa safi, naye akamshukuru Mungu akanyamaza. Miezi ikapita, damu ikarudi. Akanunua vidonge dukani, nayo ikakoma tena. Alipofika hospitali, ugonjwa ulikuwa umekwisha kupenya ukuta wa kibofu na kuenea mwilini. Chama kilichanga jeneza na gari la kumleta nyumbani. Nauli ya kwenda Nanyuki siku ile ya kwanza ingalikuwa sehemu ndogo mno ya fedha hizo. Wahenga walisema kweli: mficha maradhi, kifo humwumbua.

Basi yafaa tujue ugonjwa huu ni nini. Figo huchuja damu na kutoa mkojo, na mkojo huteremka katika kibofu, yaani mfuko wa misuli ulio chini ya tumbo. Ndani yake mfuko huo umefunikwa na utando mwembamba. Sumu nyingi zinazoingia mwilini hutolewa kwa njia ya mkojo, na kwa kuwa mkojo hukaa kibofuni saa nyingi, utando ule huguswa na sumu hizo kila siku. Saratani ya kibofu kwa kawaida huanzia katika utando huo. Ikiachwa, huingia katika misuli, kisha huenea mbali. Tofauti kati ya ile iliyo katika utando tu na ile iliyoingia katika misuli ni kubwa sana, kama tutakavyoona.

Sababu zinazojulikana ni kadhaa. Ya kwanza ni tumbaku. Wengi hudhani kwamba moshi hudhuru mapafu tu. Lakini sumu yake huingia katika damu, ikachujwa na figo, ikakaa kibofuni. Katika nchi ambazo mambo haya yamechunguzwa sana, karibu nusu ya saratani za kibofu hutokana na sigara. Anayeacha kuvuta hupunguza hatari yake, hata kama ni mzee.

Ya pili ni dawa fulani za viwandani. Mwaka 1895 daktari Ludwig Rehn wa Frankfurt, Ujerumani, alitambua ugonjwa huu kwa wafanyakazi wa kiwanda cha rangi. Tangu hapo imethibitika kwamba baadhi ya kemikali za kutengenezea rangi na mpira huuleta.

Ya tatu ni kichocho cha mkojo. Mdudu wake hutoka kwa konokono wa majini, hupenya ngozi ya mtu aliye mtoni au bwawani, na mayai yake hukwama katika ukuta wa kibofu na kuutia vidonda miaka mingi. Mwaka 1911 daktari Ferguson aliandika habari za uhusiano wa kichocho na saratani ya kibofu huko Misri, na mwaka 1994 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliuhesabu mdudu huyo kuwa miongoni mwa vitu viletavyo saratani kwa hakika.

Hapa twapaswa kuwa waangalifu. Wengi wetu tuna jamaa katika mashamba ya mpunga ya Mwea, na twasikia kwamba huko kuna kichocho. Ni kweli, lakini kile kijulikanacho sana Mwea ni kichocho cha matumbo, nacho ni kingine. Kile cha mkojo hupatikana Pwani, kama vile Kwale na kando ya mto Tana, na pia Unguja na Pemba. Basi ye yote aliyelelewa au kufanya kazi huko na kuoga katika mabwawa, na amweleze daktari. Kichocho chenyewe hutibika kwa vidonge vya prazikwanteli, navyo si vya gharama kubwa.

Dalili kuu ni damu katika mkojo, mara nyingi bila maumivu, na mara nyingi huja na kupotea. Kukoma kwake si kupona. Dalili nyingine ni kukojoa mara kwa mara, au kusikia moto wakati wa kukojoa. Wanaume hupatwa zaidi kuliko wanawake, na wengi ni watu wa umri mkubwa. Ndiyo maana mzee husema, “Huu ni uzee tu,” na mama huambiwa kwamba ni damu ya mwezi au homa ya mkojo, akapewa dawa ile ile mara tatu, mara nne. Hatusemi kwamba kila damu ni saratani. Huenda ikawa mawe, au kichocho, au uchafu katika njia ya mkojo. Lakini hakuna awezaye kujua kwa kutazama kwa macho.

Hospitalini daktari hupima mkojo, hupiga picha, kisha huingiza mrija mwembamba wenye taa katika njia ya mkojo ili aone ndani ya kibofu. Mgonjwa hutiwa ganzi. Akiona uvimbe, hukata kipande kipimwe.

Ikiwa saratani haijapita utando, uvimbe hukwanguliwa kwa njia ya mrija huo huo, bila kupasua tumbo. Baadaye dawa huweza kutiwa ndani ya kibofu. Mojawapo ni BCG, ile ile wachanjwayo watoto wachanga kuzuia kifua kikuu. Daktari Alvaro Morales wa Kanada alitangaza matumizi yake kwa ugonjwa huu mwaka 1976. Hutiwa mara moja kila wiki kwa wiki 6, nayo huamsha nguvu za mwili zipigane na saratani. Lakini ugonjwa huu hupenda kurudi. Kwa hiyo mgonjwa hana budi kutazamwa tena kila baada ya miezi michache, kwa miaka mingi, hata akijiona mzima.

Ikiwa imeingia katika misuli, kazi huwa nzito. Mara nyingi mgonjwa hupewa dawa kali za mishipani, kisha kibofu chote huondolewa, na mkojo huelekezwa kwa kipande cha utumbo hadi mfuko uliobandikwa tumboni. Wako watu waishio hivyo, wakalima na kukaa barazani kama wengine, wala haifai kuwacheka. Wengine hutibiwa kwa mionzi pamoja na dawa, kibofu kikabaki. Na ikiwa imeenea, zipo dawa za kuupunguza nguvu ugonjwa, na zipo hospisi, kama za Nyeri na Meru, za kumwondolea mgonjwa maumivu ili asiteseke.

Kwa hiyo, wazee wetu, twaleta maombi matatu. La kwanza: kila mwanachama aonaye damu katika mkojo, hata mara moja, hata bila maumivu, na aende hospitali wiki hiyo hiyo, na asipojibiwa vizuri arudi tena. La pili: kila mmoja ajiandikishe katika bima ya SHA, iliyoshika mahali pa NHIF Oktoba 2024, na alipe kabla hajaugua, maana safari ya Nairobi si moja. La tatu twaliweka mbele ya Kamati: katika mfuko wa mazishi itengwe sehemu iwe ya nauli ya mgonjwa na ya mtu mmoja wa kumsindikiza, itolewe bila kumwuliza mbele ya watu anaugua nini.

Tumekuwa hodari wa kuzikana, na hilo ni jema. Lakini mwenzetu yule hakuhitaji jeneza zuri. Alihitaji mtu wa kumwambia, “Twende.”