Supu ya Mbuzi na Mgonjwa Mahututi

 

Leo nazungumza nawe wa Kiamaiko, mtaa unaojulikana Nairobi nzima kwa mbuzi na vichinjio vyake. Mtu wa kwenu akilazwa, supu ya kichwa au ya miguu hutiwa kwenye themosi ikapelekwa hospitalini mbio. Unafika chumba cha wagonjwa mahututi, muuguzi anakuambia urudi nayo. Unaumia moyoni. Unaona mgonjwa wako ananyimwa chakula.

Hanyimwi. Ule mrija mwembamba unaopita puani hadi tumboni ndio sahani yake. Mwili unaopambana na maradhi makali hujila wenyewe, na misuli hupungua siku baada ya siku. Mtu wa kilo 60, akikadiriwa kalori 25 kwa kila kilo, huhitaji kama kalori 1,500 kwa siku, pamoja na protini gramu 78 hivi. Protini hiyo ni ya zaidi kidogo ya robo kilo ya nyama ya mbuzi iliyoiva. Na supu uliyoichuja? Ni maji, chumvi na mafuta kidogo. Nyama umeiacha sufuriani!

Usishangae pia ukiona analishwa kidogo siku za mwanzo. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka wa 1945, baadhi ya wafungwa waliokuwa wamekaa na njaa walikufa baada ya kulishwa sana kwa ghafla. Fosfati na potasiamu hushuka katika damu, na moyo unaweza kusimama. Ndiyo maana chakula huongezwa polepole.

Kwa hivyo, tafadhali, usimnyweshe hata kijiko muuguzi akipa kisogo. Kinaweza kuingia mapafuni. Wala usitie kitu katika mrija, na kichwa chake kikiwa kimeinuliwa, usikilaze.

Lakini kuna jambo ambalo wewe tu unalijua: kabla ya kulazwa, alikaa siku ngapi bila kula? Alikuwa amekonda? Ana kisukari? Mwambie daktari siku ile ile, hata kama hujaulizwa.

Akishatoka chumba hicho, na wauguzi wakithibitisha kwamba anameza vizuri, waulize anaruhusiwa kula nini. Wakikubali, leta nyama yenyewe, iliyochemshwa ikalainika na kusagwa. Supu iwe ya kuteremshia.