Zebaki na Ubongo wa Mtoto Aliye Tumboni
(Mazungumzo na vijana wa Geita)

Leo tuongee juu ya zebaki. Wengi wenu mmeiona kwenye mialo. Inachanganywa na mchanga wa dhahabu, kisha donge linachomwa. Dhahabu inabaki, zebaki inaruka. Swali ni hili: inaruka kwenda wapi?

Inaingia mapafuni mwa kila aliye karibu. Kiasi cha asilimia 80 ya mvuke unaouvuta hubaki mwilini. Kama ni mama mjamzito, mvuke huo hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto.

Utasema: "Mbona dada fulani anachoma kila siku na haumwi?" Sikiliza habari ya Minamata, mji wa pwani huko Japani. Kiwanda kilimwaga zebaki baharini, watu wakala samaki. Paka walianza kuyumba na kurukaruka kama wanaocheza ngoma. Ugonjwa wa watu ulitangazwa mwaka 1956. Mwaka 1959 Dk. Hajime Hosokawa, daktari wa kiwanda hichohicho, alimlisha paka chakula chenye maji machafu ya kiwanda. Paka akaugua vilevile. Wakubwa wa kiwanda wakaificha habari hiyo. Mwaka 1962 ilithibitishwa kwamba watoto waliozaliwa na ulemavu mkubwa walidhurika tumboni. Mama zao wengi walionekana wazima au walikuwa na dalili chache tu!

Kwa nini mtoto aumie kuliko mama? Huwezi kumpa mjamzito sumu ili uone. Ndiyo maana wataalamu huchunguza panya wa maabara, ambao mimba yao huchukua wiki tatu tu. Waliona hivi: ubongo unapojengwa, seli hugawanyika, halafu husafiri hadi mahali pake. Ndani ya seli kuna vijibomba vya protini, mfano wa boriti za nyumba. Zebaki hung'ang'ania salfa iliyo kwenye protini hizo, vijibomba vinavunjika. Seli zinashindwa kugawanyika, nyingine zinaishia njiani. Nyumba ya mtu mzima imekwishajengwa. Ya mtoto ndiyo kwanza inajengwa.

Ni kweli, panya si mtu. Tena zebaki ya samaki na ya mvuke si aina moja. Lakini zote mbili hupita kwenye kondo, na zote hushika salfa.

Hata hapa kwetu, mwaka 2003 wataalamu waliwapima watu wa Rwamagasa, na baadhi ya wachomaji walikutwa na dalili za sumu ya zebaki.

Sasa tufanyeje?

1. Dada, ukiwa mjamzito au unadhani una mimba, kaa mbali kabisa na uchomaji. Kitambaa puani hakizuii mvuke.

2. Usichome ndani ya nyumba wala jikoni, hata kidogo.

3. Anayechoma atumie chombo kilichofungwa kinachorudisha zebaki, na achomee nje, mbali na watu.

4. Nguo za kazi zisiingie ndani.

5. Wahi kliniki, na umwambie muuguzi kazi unayofanya.

Nanyi kaka zangu, msiseme haya ni ya wanawake. Mara nyingi anayeleta donge nyumbani ni baba. Dhahabu unaweza kuitafuta tena kesho. Ubongo wa mwanao hujengwa mara moja tu.